Kiti cha mbele si cha heshima

"Shangazi, naomba shauri. Bwana yangu ana motokari ya viti saba, usukani kulia kama nyingi za hapa Lubumbashi. Konje (likizo) iliyopita tulipanga kuwapeleka watoto wetu wanne Likasi. Asubuhi nikakuta mama mkwe yuko mlangoni na mabegi, pamoja na dada wawili wa bwana na watoto wao. Tukaenda watu kumi na mmoja. Mama mkwe akapewa kiti cha mbele, akasinzia njia nzima. Mimi nyuma na mapacha mapajani. Bwana anapita malori, mimi napiga kelele, mwisho tukagombana mpaka peaje, pale pa kulipia barabara, juu ya feza ambazo dada yake hajarudisha. Akaniuliza: 'Anayeshika usukani ni nani?' Sasa anataka mwezi wa nane twende Kiubo, kwenye maporomoko ya maji, na mama mkwe ameshatangaza kwa ukoo mzima. Nibaki nyumbani? — Mama Mapacha, Kampemba"

Mama Mapacha, usitangulie kusema unabaki. Ila safari hiyo, kama ilivyopangwa, hata mimi nisingeipanda.

Umelalamika sana juu ya mama mkwe na kidogo tu juu ya malori. Mimi ningegeuza. Kilichonishtua katika barua yako ni mzee aliyesinzia mbele.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Wazambia wanaendesha kushoto, na usukani wa kulia unawafaa. Sisi tunaendesha kulia, huku motokari zetu zilitengenezwa kwa barabara za Japani, zikatufikia kwa njia ya bandari za Dar es Salaam na Durban. Sasa mweke bwana yako nyuma ya lori la shaba kwenye njia ya Likasi. Haoni chochote ila turubai. Akitaka kuona mbele, lazima kwanza atoe nusu ya motokari katikati ya barabara, na lori jingine linaweza kuwa limeshafika. Anayeona mapema ni aliyekaa kushoto, yaani mama mkwe wako, na macho yake yalikuwa yamefumba.

Kwetu kiti cha mbele kinapewa mkubwa. Ni adabu nzuri ndani ya mji. Kwenye barabara kuu, kwa motokari ya namna hiyo, kiti hicho ni kazi, na anayestahili kukikalia ni mtu asiyelala, anayejua kukadiria mwendo wa lori, na ambaye dereva anakubali neno lake. Huyo ni wewe. Kaeni wawili kabla ya safari, mkubaliane maneno mawili tu: "bado" na "pita". Ukisema "bado", anabaki nyuma ya lori hata kama ni dakika kumi, bila kubishana. Ukisema "pita", naye aangalie mwenyewe kabla ya kwenda, maana roho ni zenu wote.

Na wewe pia, mama, nikuseme kidogo. Ulichagua katikati ya malori kudai feza za wifi yako! Deni hilo lina haki yake, lakini lina siku yake, nyumbani, watoto wamelala. Mtu aliyepigiwa kelele za deni hawezi kutofautisha kelele za lori. Ukikaa mbele, mdomo wako ni wa barabara peke yake.

Sasa hesabu. Ninyi ni sita, viti ni saba. Kiti kimoja kiko wazi, na mimi ningempa mama mkwe kabla hajakiomba. Nkambo akiwepo, wajukuu wanafurahi, na wewe umeondoa nusu ya vita. Akae safu ya pili, dirishani. Aombe dua kabla ya kuondoka, achague mahali pa kusimama, akatiwe kuku wa kwanza. Heshima ina milango mingi. Wale dada wawili wapewe Jumapili yao: Kipushi ni kama kilomita 30 tu, mnakwenda na kurudi mchana, na bukari mnakula kwenu jioni. Anayekwenda kuyasema haya kwa mama ni mwanawe, si wewe. Ukienda wewe, hata ukipiga magoti, itasemwa umewafukuza. Aende mwenyewe, aeleze habari ya usukani na macho. Mama aliyemzaa hatakataa kwamba anataka mwanawe afike mzima.

Kuhusu Kiubo, ningesubiri mwaka mwingine. Njia ni ndefu, udongo ni mwingi, na mapacha bado ni wa kubebwa mapajani. Na mtu asiwavutie Lofoi mwezi wa nane: huko Kundelungu maji yanaanguka zaidi ya mita 300, ni kweli, lakini kiangazi yanapungua hata mgeni akauliza yako wapi. Rudieni Likasi, kilomita kama 120 za lami, safari hii muione bila ugomvi. Mkilala huko, kesho yake ulizieni njia ya Mwadingusha, watoto waone ziwa Tshangalele lililotokea mto Lufira ulipozibwa. Bebeni masweta, kiangazi usiku wa Katanga una baridi.

Ondokeni alfajiri, na kurudi muwe mmefika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Giza likiingia, lori lililoharibika linabaki katikati ya njia bila taa, alama yake ni matawi ya miti tu yaliyotupwa barabarani. Hapo hata macho yako ya kushoto hayasaidii. Makala ya kupikia na asali za kando ya njia nunueni wakati wa kurudi, na magunia yasizibe kioo cha nyuma.

Mwambie bwana yako usiku huu, kabla ukoo haujafunga mabegi. Swali lake la usukani mjibu bila hasira: usukani ni wako, papa, upande wa kushoto ni wangu. Akikubali "bado" na "pita", nendeni. Akikataa, basi baki na watoto, na umwambie wazi kwamba sababu ni malori, mama yake hahusiki.