Mdiria, upepo na nafasi ya kutazamia

SWALI: Nina lenzi ya milimita 400 na hupiga picha za mdiria mweusi kwa mweupe nikiwa kwenye boti, Ziwa Naivasha. Kila mara anatokea katikati kabisa, kifua kimeungua kwa weupe, na nyuma yake ni vurugu ya mafunjo. Nianze kurekebisha wapi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Anza na boti. Mdiria huyu husimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitosa majini, na huelekea upepo unakotoka. Mwombe mwendeshaji azime injini mahali ambapo upepo na jua viko mgongoni mwako, ndege akuelekee. Nenda asubuhi, alasiri upepo huchafua ziwa. Jua na upepo visipokubaliana, achana na wa hewani, mpige aliyetua.

Mafunjo yakiwa mita moja nyuma yake, hata tundu la lenzi lililofunguliwa hadi f/5.6 halitayafuta. Sogeza boti mita mbili tatu kando hadi nyuma pawe na kitu cha mbali, kisha keti chini, lenzi ikaribie usawa wa jicho lake. Ukisimama, unapiga kichwa na maji tu.

Kifua huungua kwa sababu kamera huona mafunjo yenye giza na kuongeza mwanga. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (kupunguza stopu moja ni kukata mwanga nusu), ukague grafu ya mwanga. Weupe ulioungua haurudi. Ila usipunguze kupita kiasi: jicho lake jeusi limo ndani ya utepe mweusi, na bila nukta ya mwanga jichoni kichwa huonekana kama tundu.

Katikati anakaa kwa sababu nukta ya fokasi umeiacha katikati, yaani alama inayoiambia kamera ilenge wapi. Ihamishie pembeni. Aliyetua, mwachie nafasi zaidi mbele ya mdomo kuliko nyuma ya mkia. Wa hewani ni tofauti, na wengi hukosea hapa: yeye anatazama majini, hivyo nafasi iwe chini yake. Kasi ya shata iwe 1/3200 ya sekunde. Kwa aliyetua 1/1000 inatosha, ila usishuke zaidi, maana boti inayumba.

SWALI: Naweza kusubiri karibu na shimo la kiota chake ukingoni?

JIBU: Hapana. Akitua na samaki mdomoni asiingie, wewe ndiye umemzuia, na makinda yanangoja. Ondoka mara moja.