Anza na bega

Swali lenu la wiki hii linauliza: ulilipataje jaketi la jinzi linalokukaa vizuri? Langu nililipata nilipoacha kuangalia rangi kwanza, nikaanza na mabega.

Nina mabega membamba na nyonga pana. Miaka mingi nilinunua majaketi makubwa, marefu, nikiamini yatanisitiri. Yote yaliishia kwenye nyonga, na ule ukanda mzito wa chini ukawa kama mstari uliochorwa pale nilipo mpana zaidi. Fundi wangu wa nguo ndiye aliyenionyesha. Alinisimamisha mbele ya kioo, akalikunja jaketi kwa ndani mpaka kiunoni, akalibana kwa pini. Nilijiona mrefu! Kisha akagusa mshono wa bega uliokuwa umeteremkia mkononi: "Urefu nitaupunguza, mikono nitaifupisha. Bega nikilifumua, ni kushona jaketi jipya."

Kwa hiyo sasa mshono lazima ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Nikiridhika, nafunga vifungo vyote na kunyoosha mikono mbele kama niko kwenye baiskeli. Likivuta mgongoni, nalirudisha. Jinzi ya pamba tupu hulainika kwa kuvaliwa, lakini usitegemee ikuongezee saizi nzima.

Umbo ninalolipenda ni lile Levi's, kampuni ya nguo za jinzi, walilolitoa miaka ya 1960: mishono miwili inayotoka kwenye mifuko ya kifuani na kukaribiana inaposhuka kiunoni, mfano wa herufi V. Jicho huifuata mpaka kiunoni, nami ndiko ninakotaka litue. Mwenye kifua kikubwa ningemshauri atafute mifuko bapa, kwani ile yenye vifuniko huongeza unene.

Mtindo nao una neno lake. Mimi ni mtu wa magauni marefu, na jaketi fupi linayafaa sana. Anayevaa suruali pana na raba anaweza kulitaka pana makusudi, ila achague lililokatwa hivyo tangu mwanzo. Kuongeza saizi tu humwachia mikono inayomeza vidole.

Rangi nachagua nili, ile buluu ya jinzi, iliyokolea. Nili haizami mpaka kiini cha uzi, ndiyo maana jinzi hupauka inaposuguliwa. Langu nalifua mara chache, kwa maji baridi, nikiwa nimeligeuza ndani nje. Viwiko vyake vimeanza kupauka, na mikunjo yake ni ya mikono yangu mimi.