Kabla Hujamwita Mzazi Mkaidi: Kwa Wanaoanza Kazi ya Uhamasishaji wa Chanjo

Ukiingia kwenye kazi hii, iwe kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa kliniki ya watoto au mwanafunzi wa afya ya jamii, neno utakalolisikia mapema vikaoni ni "wakaidi". Kata fulani ina wakaidi, kitongoji fulani ni wakaidi. Tunakuomba uliweke kando. Katika orodha ya watoto waliokosa chanjo, wanaokataa kabisa mara nyingi ni wachache kuliko inavyosimuliwa. Wengine wamechelewa, wamechoshwa na foleni, wamezuiwa na mtu mwenye kauli nyumbani, au walifika kituoni wakarudishwa. Kila sababu ina dawa yake, na hotuba ya faida za chanjo inafaa kwa wachache tu kati yao.

Kwa hiyo anza na daftari, si na spika. Chukua rejista ya kituo, hesabu waliopata dozi ya kwanza ya Penta, chanjo inayokinga magonjwa matano kwa pamoja (Penta 1, wiki ya 6), na waliopata ya tatu (Penta 3, wiki ya 14) katika kipindi kilekile. Tuseme 200 walianza na 164 wakamaliza. Waliokatisha ni 36; gawa kwa 200, zidisha kwa 100, unapata asilimia 18. Ikizidi 10, tatizo liko kituoni au njiani kuelekea kituoni. Huyu mama aliyeleta mtoto Penta 1 alikwisha kuikubali chanjo. Kuna jambo limemkuta baada ya hapo, na ni kazi yako kulijua. Hali ni tofauti pale ambapo Penta 1 yenyewe iko chini: hapo kuna familia ambazo huduma haijazifikia, au zina shaka tangu mwanzo. Usichanganye makundi haya mawili kwenye taarifa moja.

Kuna utafiti wa Udaipur, India, uliochapishwa mwaka 2010, ambao kila anayeanza kazi hii anapaswa kuujua. Katika vijiji ambavyo havikuongezewa kitu, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6. Vijiji vilivyopewa kambi ya chanjo ya kila mwezi, isiyokosa tarehe yake, vilifikia 18. Penye kambi hiyo hiyo pamoja na kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, na sahani kwa aliyekamilisha, walifika 39. Kilichowasogeza watu pale ni uhakika kwamba wakifika watamkuta mchanjaji, na kafidia kadogo kwa siku ya kazi waliyoipoteza. Asilimia 39 bado ni ndogo, ndiyo, lakini ni zaidi ya mara sita ya walikoanzia.

Kabla ya kwenda mitaani, kaa kliniki asubuhi nzima uangalie. Mama anafika saa ngapi, anaondoka saa ngapi? Aliyepoteza kadi anaambiwa nini, na mbele ya nani? Aliyechelewa wiki tatu anapokelewa kwa lugha gani? Kauli moja kali ya kaunta huvunja kazi ya mwezi mzima, kwa sababu mama hasemi kwamba alitukanwa. Akirudi nyumbani anasema tu kwamba hataki chanjo, na kesho yake jirani naye anasita.

Suala la kichupa cha surua-rubela tulieleze kwa kirefu. Chanjo hii ni poda, kichupa cha kawaida kina dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake hudumu saa 6 au hadi mwisho wa kikao cha kuchanja, kinachotangulia, kisha inatupwa. Muuguzi anayeogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizopotea huwasubiri watoto wafike wengi. Mama aliyekuja na mtoto wa miezi 9 anaambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi ana kibarua. Huyo ndiye atakayeandikwa "mkaidi" miezi mitatu baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja, na sisi tunaunga mkono bila kusita: dozi tisa zinazotupwa zinaombewa nyingine, mtoto aliyerudishwa huenda usimwone tena. Ikiwa kituo chako kinapanga siku maalumu, basi siku hiyo iandikwe kwenye kadi, na mhudumu wa jamii awapigie simu wenye zamu jana yake.

Kila mama aondoke kliniki akijua mambo manne: mtoto amechanjwa nini leo na inakinga ugonjwa gani, maudhi gani yanaweza kutokea na afanyeje, arudi lini, na kwamba kadi aitunze na kuja nayo. Yakisemwa vizuri hayazidi dakika mbili. La pili ndilo linalorukwa sana, kwa hofu ya kumtisha mama. Kumbe kinachomtisha ni homa ambayo hakuambiwa. Baada ya Penta, homa na uvimbe pajani huja ndani ya siku moja au mbili. Baada ya surua-rubela, homa na vipele vidogo vinaweza kuja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mama amekwisha kusahau sindano. Baada ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, kijipu hutokea begani wiki kadhaa baadaye, hupasuka na kuacha kovu. Hakipakwi dawa wala majani. Kuhusu parasetamoli, kipimo kisemwe na muuguzi kwa uzito wa mtoto, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Usikigawe wewe kwa kukisia.

Sasa mazungumzo nyumbani. Chukua mfano huu. Unafika, mama yuko shambani, yupo bibi.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kumwona mjukuu. Kadi inaonyesha chanjo ya surua wakati wake umefika."

"Marahaba. Ile ya nyuma ilimpa homa usiku kucha. Baba yake akasema basi."

Anayeanza kazi hapa huruka: surua inaua, bibi! Bibi anajua surua inaua, pengine ameona watoto wakizikwa kwa surua kabla wewe hujazaliwa. Amekupa sababu mbili kwa sentensi mbili, homa na kauli ya baba, na zote unaweza kuzifanyia kazi. Anza na ile homa: "Poleni, usiku ule mlihangaika. Mlifanyaje?" Msikilize mpaka amalize. Uliza kama kuna kingine kinachowatia wasiwasi, maana sababu ya kwanza kutajwa si lazima iwe ndiyo nzito. Kisha omba ruhusa: "Bibi, niruhusu nieleze kidogo kuhusu homa hiyo." Eleza jambo moja, si saba. Mwambie homa ya chanjo hii, ikija, itakuja wiki ya pili, na mkiiona mfanye nini. Halafu uliza baba hupatikana saa ngapi, urudi muda huo. Usimtume bibi kubishana na mwanawe kwa niaba yako.

Kwa familia isiyo na shaka yoyote, usiitengenezee shaka. Kusema "leo mtoto anapata chanjo mbili, moja paja hili na nyingine lile" kunatosha, na nafasi ya kuuliza iwepo. Ukianza na "je, una wasiwasi kuhusu chanjo?" kwa mtu aliyekwisha kupakata mtoto tayari, unampa mzigo aliokuwa hana.

Uvumi unahitaji mpangilio wake. Chukua chanjo ya HPV, inayosemwa kwamba inafunga kizazi. Kabla ya kukasirika, angalia kwa nini maneno haya yanashika: inapewa wasichana peke yao, wanaokaribia kuvunja ungo, shuleni, mara nyingi mzazi hayupo. Mzazi yeyote anayempenda binti yake angeuliza. Jibu linaanza na ukweli: chanjo hii inamkinga binti na saratani ya mlango wa kizazi, inayosababishwa na kirusi cha HPV, na ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki. Inatolewa miaka 9 hadi 14 kwa sababu inakinga vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi, na umri huo mwili hujenga kinga imara. Baada ya hapo utaje uvumi mara moja tu, useme si kweli na kwa nini: ndani yake mna ganda la nje la kirusi, hamna kirusi hai wala homoni. Rwanda ilianza kuitoa mwaka 2011. Wasichana wa wakati ule sasa ni wanawake wenye zaidi ya miaka 20. Scotland, utafiti uliotolewa Januari 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hiyo miongoni mwa waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13. Malizia na ukweli uleule wa mwanzo. Bango lenye herufi kubwa "JE, CHANJO INAFUNGA KIZAZI?" ni kosa, kwa kuwa anayepita kwa haraka hubeba swali akaacha jibu.

Tanzania tangu 2024 inatoa dozi moja badala ya mbili. Mzazi mwenye binti mkubwa aliyepata mbili atauliza, na ana haki. Mwambie utafiti ulionyesha dozi moja inatosha kwa umri huu, na mbili alizopata dada yake hazikumdhuru.

Shuleni, jiandae na kuzirai. Msichana mmoja akianguka kwenye foleni mbele ya wenzake sitini, wengine wataanguka, na simu zitarekodi. Mji wa El Carmen de Bolívar, Colombia, mwaka 2014 wasichana wengi walizirai baada ya chanjo ya HPV. Uchunguzi haukuona kosa kwenye chanjo, lakini uchanjaji nchini kote uliporomoka ndani ya miaka miwili. Hakikisha watoto wamekula, wanachanjwa wakiwa wamekaa, chumba cha kuchanjia kisionekane na walio kwenye foleni, na kila mmoja akae dakika 15 baadaye. Anayezirai alazwe chini na miguu iinuliwe, pembeni, kimyakimya. Adrenalini iwe mezani kwa ajili ya mzio mkali, ambao ni nadra lakini hausubiri.

Kuna shaka zenye historia, na hizo usizijibu kama ujinga. Kano, Nigeria, ilisimamisha matone ya polio kuanzia 2003 hadi Julai 2004, kwa shaka kwamba yanafunga kizazi. Watu wa nje waliona ni ushirikina. Lakini mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya majaribio ya dawa kwa watoto mjini humo, na familia zilikwenda mahakamani. Na wazazi walikuwa na swali zito: mbona matone yanaletwa mlangoni bure, na dawa ya malaria kliniki hakuna? Kilichofungua njia ni kuwashirikisha watu wa Kano wenyewe katika kupima chanjo, na kuchukua chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Katika kipindi hicho na baada yake kirusi kilisambaa nchi nyingi, hata Indonesia yenyewe. Kenya, mwaka 2014, kampeni ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilipingwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki kwa madai hayohayo ya kufunga kizazi. Swali la kwa nini wanawake tu lina jibu rahisi, kwamba mama huwakinga watoto wachanga dhidi ya pepopunda ya kitovu, lakini jibu likifika baada ya uvumi linasikika kama utetezi. Waite mashehe, mapadri, wachungaji na wenyeviti wa mitaa mapema, wiki kadhaa kabla ya kampeni, ukiwa tayari kuulizwa. Usiwaite siku ya uzinduzi wapige picha.

Tunamalizia na lililo gumu zaidi: tukio baya baada ya chanjo. Kisiwa cha Savai'i, Samoa, Julai 2018, watoto wawili walifariki muda mfupi baada ya chanjo ya surua. Chanzo kilikuwa poda kuchanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Serikali ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi, uchanjaji ukashuka sana, na mwaka uliofuata surua ikaua watu 83 katika nchi ya watu kama 200,000, wengi wao watoto wadogo. Desemba 2019 ofisi zilifungwa siku mbili, kila nyumba yenye asiyechanjwa ikatakiwa kutundika kitambaa chekundu, na timu zikapita mlango kwa mlango.

Kwa hiyo: maji ya kuchanganyia yatoke kwa mtengenezaji wa chanjo hiyohiyo, yahifadhiwe na chanjo, na kwenye friji ya chanjo kisiwemo kitu kingine chochote. Soma lebo ya kichupa na ya maji, kila mara. Tukio likitokea, mtoto ahudumiwe kwanza. Hifadhi vichupa vilivyotumika, andika namba ya toleo, toa taarifa wilayani siku hiyohiyo. Nenda kwa familia siku hiyohiyo pia, mkiwa na kiongozi wa kituo. Usiseme "haihusiani na chanjo" kabla ya uchunguzi; ikija kugundulika inahusiana, hutaaminiwa tena mtaa huo. Sema mnachokijua, mnachokichunguza, na siku mtakayorudi na majibu. Kisha rudini siku hiyo, hata kama majibu hayajakamilika. Msemaji awe mmoja.

Kwa wale wachache wanaokataa baada ya yote haya, usitishe wala usimtaje mtu kwenye mkutano. Andika sababu kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na jina la mtu wanayemsikiliza nyumbani. Weka tarehe ya kupita tena, ndani ya mwezi, na uulize hali ya mtoto kabla ya kutaja chanjo.