Maswali na Majibu: Kamanda Akae Wapi Vitani?

Kwa nini majenerali wa Vita Kuu ya Kwanza walijificha nyuma huku askari wao wakifa?

Swali hili nimekwisha kulijibu mara nyingi, na ninawaomba wanaolirudia wasome kwanza kabla ya kuwaita wafu waoga. Majenerali wa Uingereza zaidi ya 70 waliuawa au kufa kwa majeraha katika vita vile, na huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915 walikufa makamanda watatu wa divisheni. Kilichowafunga nyuma ni waya wa simu. Askari walipotoka handakini, waya uliofukiwa uliishia pale pale walipoanzia, uliotandazwa juu ya ardhi ulikatwa na mizinga, na redio nyepesi ya kubeba haikuwapo, hivyo habari zilirudi kwa miguu ya tarishi, endapo tarishi alifika salama. Jenerali aliyekwenda mbele angeona mita mia chache za moshi na kupoteza vikosi vya akiba na mizinga, yaani vitu pekee ambavyo bado angeweza kuviamuru. Kuhusu tarehe 1 Julai 1916 huko Somme, ambako Waingereza wapatao 57,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea kwa siku moja, wakubwa hao walaumiwe kwa mpango walioufunga mapema, si kwa mahali walipokaa.

Mbona Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, alipigana mstari wa mbele?

Kwa sababu mapigano yakishaanza hakuwa na njia ya kuamuru upande wa pili wa uwanja hata kama angekaa nyuma. Mrengo wa kushoto alimwachia jenerali wake Parmenion. Hata hivyo, kwenye mto Granicus mwaka 334 KK, bila ofisa wake Cleitus kumwokoa, jeshi zima lingebaki bila mfalme.

Je, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, aliingia Tanga kwa baiskeli?

Ndiyo, usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914, ili aione ardhi kwa macho yake kabla ya kupanga vikosi. Huo ndio wakati ambao kamanda yeyote anapaswa kuwa mbele.

Huko Isandlwana mwaka 1879, Wazulu walipopigana na Waingereza, kamanda yupi alikaa mahali pazuri zaidi?

Ntshingwayo, kamanda wa Wazulu, bila shaka. Alikuwa mzee, akakaa kwenye mwinuko uliomwonyesha uwanja wote, kifua (kikosi cha kati) na pembe (vikosi vya pembeni) za jeshi la Wazulu. Kifua kilipokwama kwa risasi, alimtuma induna, yaani mkuu wa kikosi, Mkhosana kaMvundlana ateremke kuwahimiza. Induna akauawa, lakini wapiganaji wakainuka. Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, alikuwa ametoka kambini alfajiri na karibu nusu ya jeshi lake, na habari za kambi kushambuliwa zilipomfikia hakuziamini.

Rommel, jenerali wa Kijerumani huko Afrika Kaskazini katika Vita Kuu ya Pili, je?

Anasifiwa kupita kiasi. Mnamo Novemba 1941 alikimbilia mpaka wa Misri, akapotea mbali na makao makuu yake kwa siku kadhaa, na ofisa wake Westphal akalazimika kuirudisha divisheni ya vifaru kwa amri yake mwenyewe.

Kwa kuwa sasa kuna droni, kamanda hahitaji tena kuondoka ofisini?

Anayeuliza hivi anadhani kuona ni sawa na kuamuru. Huko Vietnam, kombania moja iliyokuwa ikipigana msituni iliweza kuwa na kamanda wa batalioni, wa brigedi na hata wa divisheni, kila mmoja angani ndani ya helikopta yake, wote wakimhoji kapteni kwa redio wakati akipaswa kuwaongoza watu wake. Droni imeirefusha fimbo hiyo ya wakubwa hadi mji mkuu, na kapteni bado ana masikio mawili tu.