Mama, nikisoma lishe nitaajiriwa wapi?

Shikamoo Mama. Nimemaliza sekondari. Kemia na Biolojia nimefaulu vizuri, lakini alama za udaktari hazikufika. Nimepata nafasi mbili: shahada ya lishe na shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula. Baba anasema zote ni kozi za kufundishwa kupika na kwamba nitazunguka na cheti bila kazi. Shuleni nilichopenda kuliko vyote ni maabara. Nichague ipi? – Binti wa miaka 19

Marahaba, mwanangu. Mpe baba salamu zangu na umsomee jibu hili lote, kwa sababu hofu yake ni ya mzazi na inastahili majibu.

Jina la kozi liweke kando kwanza. Jiulize: ukifika kazini asubuhi, unataka kukuta mtu mbele yako au bidhaa? Lishe itakupeleka kwa watu. Sayansi ya chakula itakupeleka kwenye chakula chenyewe, kabla hakijamfikia yeyote. Nimefanya kazi pande zote mbili, nikianzia wodini na baadaye kiwandani.

Wodini, chukua mgonjwa ambaye hajala kwa siku nyingi, mbavu zinahesabika. Ndugu zake wanataka ashibishwe leo hii. Akishibishwa anaweza kufa. Wanga ukiingia kwa wingi ghafla, insulini hupanda, na fosfati, potasiamu na magnesiamu hutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli; yakipungua mno katika damu, moyo unaweza kusimama. Mtaalamu wa lishe tiba hukaa na daktari kupanga aanzishiwe kiasi gani, damu ipimwe tena lini na chakula kiongezwe kwa mwendo gani. Kitanda cha pili yupo mwenye figo zilizochoka, ambaye potasiamu anayokula lazima ihesabiwe. Cha tatu ni mtoto wa kisukari ambaye dozi yake ya insulini inafuata kiasi cha wanga kilichoko kwenye sahani. Kwenye chumba cha mahututi kuna anayelishwa kwa mrija wa puani, kwa mililita kwa saa. Kazi yote hiyo ni Kemia na Biolojia uliyofaulu, na madaktari wanaisubiri ripoti yako kabla hawajaendelea.

Nje ya hospitali kuna lishe ya jamii. Hapo utamkuta afisa lishe na utepe wa kupima mzingo wa mkono: mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipimwa chini ya sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu, hata kama mama yake amemleta kwa kikohozi tu. Wengine hawashiki utepe kabisa, wanapanga sera. Mrija wa neva wa kijusi, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hajajua kuwa ni mjamzito. Kumshauri kliniki wakati huo ni kuchelewa. Ndiyo maana Marekani ililazimisha tangu 1998 nafaka zinazorutubishwa ziongezwe asidi ya foliki, vitamini inayousaidia mrija huo kufunga, na nchi nyingine nyingi zimefanya vivyo hivyo. Mtu wa lishe ndiye anayesema kiasi gani kinatosha. Mtu wa sayansi ya chakula ndiye anayehakikisha kiasi hicho, kidogo kuliko unavyoweza kukiona kwa macho, kinasambaa sawasawa kwenye kila mfuko unaotoka kinuni.

Sasa kiwandani. Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani ndipo ulipo.

Miaka ya 1960 kampuni ya Pillsbury, pamoja na NASA na maabara ya jeshi la Marekani, ilipewa kazi ya kuandaa chakula cha wanaanga ambacho hakiwezi kuwaumiza tumbo. Wakagundua kwamba kupima bidhaa iliyokwisha tengenezwa hakusaidii: ukitaka uhakika kamili utazipasua karibu zote, na ukimaliza huna cha kuwapa. Wakageukia hatua za utengenezaji zenyewe. Watafute kila mahali hatari inapoweza kuingia, wapazibe, na waandike ushahidi kwamba pamezibwa. Mfumo huo ni HACCP, na leo ndio lugha ya kila siku ya watu wa udhibiti ubora duniani.

Mfano wake ni chakula cha kopo kisicho na asidi ya kutosha, yaani pH yake, kipimo kinachopanda asidi inapopungua, imezidi 4.6. Mbegu za bakteria wa botulizimu zinaweza kuvumilia maji yanayochemka, kisha zikaamka ndani ya kopo lisilo na hewa na kutoa sumu inayopooza misuli ya kupumua. Kwa hiyo sehemu ya kopo inayochelewa zaidi kupata moto lazima ipate walau nguvu ya nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 3. Zikikosekana, kopo linaweza kuonekana zuri kabisa.

Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, rekodi ya joto ya mtambo ilikatika katikati ya zamu ya usiku. Meneja wa uzalishaji alitaka mzigo utoke. Magari yalikuwa getini na mteja anapiga simu. Nilifunga bechi nzima na kubandika karatasi ya kuzuia. Nililaumiwa kwa wiki kadhaa, na ningefanya hivyo tena kesho. Mwambie baba kwamba kazi hii inataka ujasiri huo zaidi ya inavyotaka ujuzi wa jikoni.

Ukichoka na zamu, shahada hiyohiyo inakufikisha maabara ya mikrobiolojia, ubunifu wa bidhaa mpya, uandishi wa lebo, ukaguzi wa serikali, au viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex Alimentarius, ambavyo FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wanavisimamia kwa pamoja tangu 1963.

Kwa ulivyoniandikia, chagua sayansi ya chakula. Lakini moyo ukivutwa na lishe tiba, uliza jambo moja kabla hujalipa ada: je, kozi hii inakubaliwa na chombo kinachotoa leseni, na ina mafunzo ya vitendo hospitalini? Uingereza, cheo cha mtaalamu wa lishe tiba kinalindwa na sheria. Marekani, tangu Januari 2024, mtihani wa usajili unadai shahada ya uzamili. Shahada isiyofungua mlango wa leseni ndiyo itakayompa baba haki ya kulalamika.

Habari za kazi, Mama. Nimesoma kozi fupi ya lishe kwa intaneti na nina wafuasi wengi. Wananiomba mipango ya kula, wengine wana presha na kisukari. Naweza kuanza kuwatoza? – Msomaji, 26

Wagonjwa usiwaguse. Anayemeza dawa za kisukari akipunguza wanga kwa ushauri wako bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka akazimia njiani, na wewe hutakuwepo. Fundisha mambo ya jumla, wenye maradhi waelekeze kwa wenye leseni, na ikiwa kweli unaipenda kazi hii, nenda ukaisomee.

Shikamoo Mama. Mimi ni mpishi wa hospitali, nina miaka 34 na cheti cha upishi. Nimechoka kuonekana mtu wa masufuria. Je, nimechelewa kuhamia upande wa lishe? – Baba wa watoto wawili

Marahaba, baba. Hujachelewa, na nakuomba usiudharau ujuzi ulio nao, kwa sababu wenye shahada wengi hawana.

Fikiria wagonjwa wa kiharusi wanaoshindwa kumeza. Chakula kikiwa chepesi kupita kiasi kinaingia kwenye mapafu; kikiwa kizito kinakaba. Upo mfumo wa kimataifa, IDDSI, unaopanga vinywaji na vyakula katika ngazi 0 hadi 7, na vipimo vyake vinafanyika hapohapo jikoni: bomba la sindano la mililita 10 na sekunde 10 kuona kiasi gani kimetiririka, au uma wa kawaida. Hospitali zinahangaika kumpata mpishi anayeweza kutoa ngazi ileile asubuhi na jioni, tena chakula kikawa kitamu mgonjwa akakimaliza. Huyo unaweza kuwa wewe baada ya mafunzo mafupi.

Kutoka hapo, somea usalama wa chakula. Hospitali, mashirika ya ndege na makampuni ya huduma za chakula huhitaji wasimamizi wanaojua jiko kwa vitendo na wanaojua kujaza rekodi. Stashahada ya lishe ije baadaye ukiwa bado kazini, ukipata ya jioni au ya masafa. Wiki hii mwendee mkuu wa kitengo cha lishe hapo ulipo, umwombe akuweke kwenye meza ya milo maalumu. Weka kumbukumbu ya kila mlo unaoandaa na ugonjwa uliokusudiwa. Vyuo vingi vinapomfikiria mwombaji mwenye uzoefu hutaka kuuona kwa maandishi, na barua ya mkuu huyo itakusaidia kuliko cheti kingine cha upishi.