Dawa za TB, methadoni, na hawa wa "kusafisha damu"

SWALI: Habari za kazi daktari. Mwanangu ana miaka 27, alikuwa anatumia unga (heroini), sasa karibu mwaka yuko kwenye methadoni, ile dawa anayokunywa kliniki kila siku badala ya unga, na alishatulia kabisa kwenye dozi ya miligramu 80. Mwezi uliopita amekutwa na TB akaanzishiwa dawa. Toka hapo asubuhi anaamka na mafua, miayo, tumbo linamsokota, anasema dozi haimshiki tena. Majirani wanasema karudia unga. Kuna mzee wa dawa za asili anasema methadoni ni unga wa serikali tu, tumtoe, yeye atamsafisha damu kwa siku 7. Tumpeleke? (Mama, Mbagala)

JIBU: Shikamoo mama. Usimpeleke. Na mwanao mwamini kwanza, maana anachokueleza ndo chenyewe. Kwenye vidonge vya TB kuna rifampisini, na hiyo inalifanya ini livunje methadoni haraka kuliko kawaida, kwahiyo ile 80 anayokunywa asubuhi inaisha mwilini kabla ya asubuhi nyingine haijafika. Hiyo ni arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa kitu ulichokizoea, sio tabia mbaya. Kesho akienda kunywa dozi nenda naye, beba na kadi yake ya TB muwaonyeshe, msidhani kliniki ya TB imeshawaambia wenzao wa methadoni, mara nyingi hawajaambiana. Wataipandisha kidogo kidogo mpaka imshike. Dawa za TB asiache hata siku moja, na asinunue valiamu eti apate usingizi. Halafu akimaliza TB wakumbusheni tena, kwasababu rifampisini ikishatoka ini linarudi taratibu kwenye mwendo wake na ile dozi iliyopandishwa itakuwa kubwa mno, inabidi ishushwe.

Sasa huyo mzee. Hili neno la kusafisha damu nalisikia kila wiki na kwa kweli linanichosha. Mama, unga hauhitaji mtu wa kuusafisha, mwili wenyewe unautoa ndani ya siku chache tu. Arosto ya unga inaanza masaa machache baada ya kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndo inakuwa kali, ikifika wiki imeshapungua sana, iwe umekunywa mizizi, umekunywa uji au umelala tu. Ndo maana wote wanasema siku 7! Wanachukua sifa ya kitu ambacho kingetokea chenyewe, na hela wanachukua. Shida haiko kwenye damu, iko kwenye ubongo uliozoea, na ile hamu inaweza kurudi miezi mingi baadae, mtu kapita tu kijiwe chake cha zamani mwili wote unaamka. Dawa ya siku saba haifiki huko. Na kwa methadoni hata hesabu yao yenyewe haiendi, maana hii inatoka mwilini polepole, ukiikata ghafla arosto yake inaburuza wiki kadhaa.

Hilo la unga wa serikali nalo. Ni kweli methadoni inakamata sehemu zilezile za ubongo ambazo unga unakamata, hatufichi. Ila inapanda polepole, inakaa siku nzima, na kwa dozi iliyotulia mtu haleweki, anaenda kazini, anakaa na watoto wake, sindano hachomi. Muhimbili wameanza kuwapa wagonjwa 2011, kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iko toka 2005. Na dozi kubwa haimaanishi uraibu mkubwa, wengi wanatulia kati ya miligramu 60 na 120, mwingine zaidi. Kuna mgonjwa wa kisukari anaambiwa na majirani aache insulini ili aonekane amepona?

Kinachoniuma zaidi ni vifo. Mtu akikaa wiki mbili tatu bila kitu, awe kwa mganga, kwenye soba hausi (nyumba wanakokaa watu wanaoacha unga) inayolazimisha kuacha methadoni ghafla, au mahabusu, mwili unapoteza uzoefu wake wa kuhimili unga. Anatoka kila mtu anampongeza, siku hamu ikimzidi anatumia kipimo chake kilekile cha zamani, pumzi inakata. Huyo ndo tunamzika na tangazo lake la "amepona" bado liko kwenye simu za watu. Soba hausi nzuri zipo, zinazowapeleka watu kliniki wakanywe dozi wakarudi, nazishukuru sana, mimi nazungumzia hao wa siku saba na bei ya paketi.

Kwahiyo yeyote mwenye mtu aliyewahi kutumia, hasa aliyetoka kuacha karibuni, ukimkuta anakoroma isivyo kawaida, haamki, midomo imebadilika rangi, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali, na semeni wazi katumia nini, msione aibu, kuna sindano ya naloksoni inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache. Akiamka msimchukue nyumbani papo hapo hata kama anasema yuko fresh, kwasababu naloksoni inaisha mapema, methadoni au unga uliobaki mwilini unaweza kumlaza tena.