Kreosoti kwenye bomba la dohani: maswali na majibu

Nitajuaje kama bomba la ndani ya dohani limeshika kreosoti (utando unaoweza kuwaka, unaoachwa na moshi wa kuni) bila kupanda paani?

Acha jiko lipoe usiku kucha. Vaa glavu, miwani na barakoa, tandaza turubai, kisha toa bamba lililo juu ya moto na uingize kioo kidogo na tochi. Kwaruza ukuta wa bomba kwa kijiti, uone utando una unene gani. Milimita 3 zinatosha kukulazimu kusafisha. Zikifika 6, usiwashe hata kijinga kimoja kabla ya kusafisha. Ila usijipe moyo ukikuta chini pasafi. Moshi hupoa unapopanda, na kreosoti huganda zaidi juu, kwenye baridi. Wavu wa kofia ya dohani mara nyingi ndio hutangulia kuziba, na unaweza kuukagua kwa darubini ukiwa umesimama chini.

Nilichokwaruza kinang'aa kama lami iliyokauka. Brashi haikitoi.

Hiyo ni hatua ya tatu, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ya kwanza ni masizi makavu yanayopukutika, ya pili ni magamba meusi yanayovunjika. Zote mbili brashi huziweza. Utando unaong'aa umeshikamana na chuma, na ukishika moto huwaka kwa joto kali mno. Usiupige nyundo wala usijaribu kuuchoma. Mwite fundi wa dohani mwenye dawa na vifaa vyake.

Bomba langu ni la chuma cha pua. Nitumie brashi gani?

Ya nyuzi za plastiki, yenye kipenyo sawa na cha bomba: bomba la milimita 150, brashi ya 150. Nyuzi za chuma cha kawaida hukwaruza chuma cha pua na kukiachia kutu. Kama fito zako za kusukumia brashi huunganishwa kwa skrubu, zizungushe upande wa kukaza tu. Ukizizungusha kinyume zinafunguka, na brashi inabaki imekwama katikati ya bomba.

Nilisafisha, miezi miwili baadaye imerudi. Kwa nini?

Shuku kuni kwanza. Pasua gogo, upime unyevu kwenye uso mpya wa ndani, si kwenye ganda. Ukizidi asilimia 20, kuni hizo bado mbichi. Sababu ya pili ni kubana hewa ili moto udumu hadi asubuhi. Moto unaofuka hutoa moshi mzito usio na joto, na moshi ukishuka chini ya nyuzi joto 120 hivi za Selsiasi ndani ya bomba, mvuke wake huganda ukutani.

Nikisikia bomba linanguruma?

Dohani inaungua. Funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa, toa watu nje, piga simu zimamoto. Usimwage maji ndani ya dohani: chuma au kigae chenye moto kikipoa ghafla hupinda au kupasuka. Hata moto ukizimika wenyewe, usiwashe jiko tena hadi bomba zima likaguliwe, kwa sababu ufa mdogo unatosha kupenyeza moto kwenye mbao za paa.